Watu Tele, Mtu Hakuna

Tumezoea kuuzungumzia upweke kama ugonjwa wa Ulaya. Mzee anafia ghorofani, majirani wanagundua baada ya wiki mbili. Uingereza inateua waziri wa kushughulikia upweke Januari 2018, Japani inafuata Februari 2021, nasi huku tunatikisa vichwa na kumshukuru Mungu kwa ukoo, kwa majirani wanaoazimana chumvi, kwa misiba inayojaza mtaa mzima. Kisha ikaja ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii, iliyotolewa 30 Juni 2025. Inasema mtu mmoja kati ya kila sita duniani anaishi na upweke, na kwamba vifo vinavyohusishwa na hali hiyo vinakadiriwa kufikia 871,000 kwa mwaka. Hayo tungeweza kuyasoma kama habari za wengine. Linalotugusa ni mgawanyo wake: katika nchi za kipato cha chini, waliosema ni wapweke ni kama asilimia 24, katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Na vijana wanawazidi wazee.

Anayeishi mjini hashangai sana. Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao milioni 2.5 katika sensa ya 2002. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 5.4. Wengi walifika na begi moja na namba ya simu ya binamu. Wanapanga chumba Manzese au Mbagala, wanaoga bafu moja na wapangaji wengine sita, wanaitana kwa majina ya watoto, Mama Neema, Baba Junior, na mtu anaweza kulia usiku kucha upande wa pili wa ukuta usijue, maana asubuhi atakuitikia "nzuri tu" kama kila siku. Profesa John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeutafiti upweke kwa miaka mingi, aliulinganisha na njaa: mwili unapiga kengele kwamba kitu cha lazima kimepungua. Ndiyo maana mchungaji wa mbuzi anaweza kushinda porini peke yake na moyo wake ukawa mzima, na mwenzake akawa mpweke kwenye benchi la mbele la kanisa lenye waumini elfu mbili.

Injili ya Yohana, sura ya 5, inatuonyesha mtu wa namna hiyo. Ana miaka 38 katika ugonjwa, amelala kando ya birika la Bethzatha, na matao matano ya mahali pale yamejaa wagonjwa wenzake. Yesu anamuuliza kama anataka kuwa mzima. Hajibu ndiyo wala hapana. Anasema hana mtu wa kumwingiza majini. Nimesikia mahubiri mengi yakimlaumu kwamba anatoa visingizio. Mimi naona aliieleza hali yake vizuri kuliko wanaomhubiri. Alizungukwa na umati, na kila mmoja katika umati ule alikuwa anaikodolea macho zamu yake mwenyewe.

Makanisa yetu yana umati, na yanajua kuutumia. Mtu akifariki, jua halijazama turubai limefungwa, viti vimeshushwa, kamati ina mwenyekiti na mweka hazina, akina mama wako nyuma ya nyumba wanamenya vitunguu vya watu mia tatu, kwaya imegawana zamu za mkesha. Sisemi kwa kejeli. Huo ni utajiri, na aliyewahi kufiwa akiwa ugenini anajua thamani yake. Lakini mfuatilie mjane wiki ya tano baada ya matanga kuanuliwa. Turubai limerudi kwa mwenyewe, wifi zake wamepanda basi, na jioni anapima mchele wa watu wanne kwa mazoea, halafu anapunguza. Simu zinazoingia ni za deni la jeneza. Jumapili mlangoni mwa kanisa wanamshika mkono kwa mikono miwili, "Bwana asifiwe, mama, unaendeleaje?", naye anajibu kwamba anamshukuru Mungu, maana nyuma yake kuna foleni.

Hoja yangu ni kwamba Ukristo wetu umetufundisha vizuri kutoa na umetufundisha vibaya kuomba, na upweke umejipatia nyumba hapo katikati. Simaanishi kumwomba Mungu. Huko hatujambo, tunakesha. Namaanisha kumwomba mtu: nisindikize hospitali, kaa nami jioni hii, niazime elfu kumi, nisikilize kidogo, nimechoka. Anayetoa tu anabaki na heshima yake yote na siri zake zote, na hakuna anayemfikia. Mchango wa harusi unaweza kuutoa kwa miaka ishirini bila mtu yeyote kujua kwamba mwanao amekuacha.

Maandiko yenyewe hayana aibu hii. Eliya, katika 1 Wafalme 19, anakimbilia jangwani akitaka kufa, akisema amebaki yeye peke yake. Jambo la kwanza analopewa ni usingizi, mkate na maji, mara mbili, kabla ya neno lolote la kumkosoa. Baadaye anaambiwa kwamba wako watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti. Ni takwimu nzuri, na hakuna mahali tunapoambiwa kwamba ilimfariji. Kinachofuata ni Eliya kumkuta Elisha analima kwa ng'ombe, kumtupia vazi lake, na tangu siku ile nabii yule ana mtu wa kutembea naye mpaka siku ya kuondoka kwake. Watu 7,000 walikuwepo muda wote. Alichokosa ni mmoja.

Halafu mtazame Yesu. Anakaa kisimani Samaria na kumwomba maji mwanamke ambaye kwa desturi hakupaswa kumwomba chochote, na mazungumzo marefu kuliko yote anayofanya na mtu mmoja katika Injili zote yanaanzia kwenye ombi hilo. Gethsemane anawachukua watatu kati ya wanafunzi wake, anawaambia wazi kwamba roho yake ina huzuni ya kufa, anawaomba wakeshe naye. Wanalala. Anarudi, anawakuta wamelala, anaomba tena. Tunapenda kuihubiri habari hii kama somo la uvivu wa Petro. Kilichopo mbele ya macho yetu ni kwamba Mwana wa Mungu alihitaji watu wa kukaa naye, akalisema hitaji hilo kwa maneno, na alipoangushwa hakuwatafuta marafiki wengine walio bora zaidi.

Paulo naye, aliyeandika kurasa nzito kuliko mtume yeyote, mwishoni mwa waraka wa pili kwa Timotheo anaonekana mtu wa kawaida kabisa. Dema amemwacha. Luka peke yake ndiye aliye naye. Anaomba joho lake lililobaki kwa Karpo huko Troa, na vitabu, na anamsihi Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Anaomba pia aletewe Marko, yule yule aliyemkataa miaka ya nyuma mpaka akagombana na Barnaba kwa ajili yake, kama inavyosimuliwa katika Matendo 15. Ukitaka kujua urafiki wa Kikristo umekomaa wapi, angalia orodha hiyo: nguo, vitabu, na mtu mliyewahi kukosana naye.

Kanisa katika historia yake limejaribu mara nyingi kutengeneza mahali ambapo ombi la namna hiyo linaweza kutamkwa, na majaribio matatu yanatosha kutuonyesha linapofaulu na linapokwama.

La kwanza ni la Bristol, Uingereza, Februari 1742. Wamethodisti wa John Wesley walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Katika kikao, mmoja wao alipendekeza kila muumini atoe senti moja ya Kiingereza kwa wiki. Akaambiwa wengi ni maskini, hawana hata hiyo. Akajibu: nipeni watu kumi na mmoja, tena walio maskini kuliko wote, nitawapitia kila wiki, na asiyekuwa nayo nitamlipia. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Wakusanyaji walipoanza kupita nyumba kwa nyumba waligundua mambo ambayo mimbari isingeyajua kamwe: huyu anakunywa, yule ana ugomvi na mkewe, huyu hajala. Wesley aliona kwamba amepata kitu kikubwa kuliko fedha za deni. Vikundi vile vya watu kumi na wawili hivi, baadaye vikikutana mahali pamoja kila wiki, vikawa uti wa mgongo wa Umethodisti. Swali lililoulizwa humo lilihusu hali ya nafsi ya mtu wiki ile, na lilimfikia kila mmoja kwa jina lake.

La pili ni la hapa kwetu. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa anafanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa wamechoka na Ukristo wa majina. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na kutoka katika urafiki huo na kazi ya Gahini ukawaka Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea Uganda, Burundi, Buhaya na maeneo mengine ya Tanganyika, kisha Kenya. Alama yake ilikuwa kikundi cha ndugu wanaokutana kila wiki na kuungama waziwazi, jambo waliloliita kutembea nuruni. Mmisionari aliungama dharau yake mbele ya Mwafrika. Mume mbele ya mke. Karani akataja fedha aliyoiba na kuirudisha. Katika makoloni yaliyojengwa juu ya kutengana kwa rangi, hilo lilikuwa tukio la kisiasa hata kama wenyewe hawakuliita hivyo. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alitoka katika mkondo huo.

Kwa nini uamsho uliponya upweke wa wengi? Kwa sababu uliwatoa katika kuigiza. Msafiri wa ushirika ule angeweza kushuka kwenye basi katika mji asioujua, akauliza ndugu wako wapi, akalala kwao kama kwake. Lakini kuungama kukija kuwa kipimo, kunageuka tena kuwa igizo. Palizuka mahali ambapo mtu alipaswa kuwa na dhambi mpya ya kutaja kila wiki, na asiyeungama kwa namna inayotarajiwa akaonekana hajaokoka. Wake na waume waliobaki nje ya duara walijikuta na upweke mpya ndani ya nyumba zao wenyewe. Ukweli unaotolewa kwa shinikizo haumsogezi mtu karibu na yeyote.

La tatu ndilo kubwa kwetu leo: jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, waliona katika mikutano yao ya Nairobi ya 1973 na 1976 kwamba parokia zimekuwa kubwa mno kwa watu kujuana, wakaamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe kuanzia kwenye vikundi vya kaya chache zinazokaa jirani. Sinodi ya Afrika ya 1994 ikalichora Kanisa kama familia ya Mungu, na Yohane Paulo II akaliweka wazo hilo katika waraka wake wa Septemba 1995. Walutheri na wengine nao wana ibada zao za jumuiya, za nyumba kwa nyumba. Hakuna mtandao wa kijamii uliotandazwa hivi mpaka uchochoroni. Kwenye karatasi, upweke wa mjini ulikwishapatiwa dawa miaka hamsini iliyopita.

Tuingie uani tuone. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Dar es Salaam. Viti vya plastiki na mkeka, meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Wanawake kumi na watatu, wanaume wawili, watoto wanaosinzia. Injili ya Jumapili inasomwa kwa utaratibu wa hatua saba ulioenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Hatua ya nne ni ukimya. Hudumu kiasi cha mtu kukohoa mara mbili. Hatua ya tano ni kila mmoja kueleza neno lililomgusa. Mzee mmoja anarudia homilia ya mwaka jana, dada mmoja anasema limemgusa lote, na wengine wanaangalia saa. Kisha matangazo: ujenzi wa nyumba ya mapadre, sare ya kitenge ya jubilei, zaka, harambee ya kigango, orodha ya waliokamilisha na wasiokamilisha. Jina la mgonjwa linakuja mwisho kabisa, na linaambiwa "tutapanga siku". Saa moja na nusu wote wameondoka kuwahi daladala.

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu Wamarekani waliohamia mahali papya au kuanza chuo, alikadiria kwamba watu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja kabla ya kuitana marafiki wa kawaida, kama 90 kuwa marafiki kweli, na zaidi ya 200 kuwa marafiki wa karibu. Tuzichukue namba hizo kama makadirio tu, tuone zinatuambia nini. Jumuiya inayokutana saa moja kila wiki inafikisha kama saa 50 kwa mwaka. Saa 200 ni miaka minne. Miaka minne si mingi katika maisha ya parokia. Ila toa matangazo, toa wiki za mvua na za sikukuu, zinabaki dakika kumi na tano za kuangaliana usoni, na miaka minne inakuwa kumi na sita. Na parokia nyingi jumuiya ikikua huigawa, hesabu ikaanza upya.

Zaidi ya hapo, jumuiya imegeuzwa ofisi. Anayetaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika anahitaji mwenyekiti athibitishe kwamba anasali jumuiya. Naelewa paroko anachokikwepa: wale wanaoonekana kanisani mara tatu tu, moja wakiwa ndani ya jeneza. Lakini msemo uliozaliwa, kwamba usiposali jumuiya nani atakuzika, umewafundisha watu kuja kama wanaolipa bima. Wanahudhuria kwa ajili ya siku ya kufa, na siku za kuishi wanajitegemea.

Kuna kikwazo kingine ambacho kila mtu anakijua na hakitajwi kwenye semina: umbea uliovaa sala. "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu fulani, ndoa yake inapita katika kipindi kigumu, sitasema zaidi." Ameshasema yote. Ijumaa dada huyo alimweleza mtu mmoja, Jumamosi uani wote wanajua, Jumapili wanamtazama kwa huruma ambayo hakuiomba. Hatafungua mdomo tena, na nani atamlaumu? Mathayo 18 inaweka ngazi yenye mpango: kwanza wawili peke yao, kisha mmoja au wawili zaidi, kanisa mwisho. Sisi mara nyingi tunaipanda kuanzia juu. Mahali ambapo siri haikai, mahusiano yatabaki ya juu juu hata watu wakikutana kila siku.

Na kuna mafundisho yanayoziba mdomo kabisa. Baadhi ya madhabahu yanautibu upweke kama pepo, roho ya kukataliwa, inayokemewa mbele ya umati wenye vipaza sauti. Sikatai kwamba mtu anaweza kutoka pale amepata nafuu ya usiku mmoja. Ameguswa, ameitwa kwa jina, amelia hadharani. Lakini kesho anarudi chumbani kwake, na asipokuwa sawa ana kosa la pili, kwamba hakushikilia uponyaji wake. Hali kadhalika injili ya mafanikio: ambapo shida ni dalili ya imani haba, mwenye shida anavaa vizuri zaidi.

Dawa inayotolewa haraka kuliko zote ni ndoa. Maneno ya Mwanzo 2 kuhusu ubaya wa mtu kuwa peke yake yanasomwa harusini, na binti wa miaka 34 anayesimamia kwaya ya vijana anaombewa mwenzi kila mkesha kana kwamba ni mgonjwa. Yesu hakuoa. Paulo aliandika 1 Wakorintho 7 akiona useja wake kama zawadi. Katika Marko 10 walioacha nyumba na jamaa wanaahidiwa nyumba, ndugu, mama na watoto mara mia, sasa katika wakati huu, na mtoaji wa jamaa hao ni nani kama si watu waliokaa benchi moja nao? Wenye ndoa nao wanajua, ingawa hawasemi, kwamba hakuna upweke mkali kama wa kulala kitanda kimoja na mtu mliyenyamaziana naye. Mume au mke hawezi kubeba peke yake kazi ya kijiji kizima.

Wanaume wana hesabu yao. Kwenye jumuiya ni wawili kati ya kumi na watano, lakini usidhani wamejifungia ndani. Wako kijiweni, kwenye bao, kwenye banda la mpira. Wanaweza kukueleza nani alifunga bao la pili la Simba msimu uliopita, na hawajui kwamba mwenzao anayekaa kiti cha tatu aliachishwa kazi mwezi wa pili na bado anatoka nyumbani kila asubuhi na shati lililopigwa pasi. Sioni sababu ya kuwavuta uani Jumamosi alfajiri kwa fimbo ya uthibitisho wa mwenyekiti. Afadhali katekista au mzee wa kanisa mwenye miguu aende kijiweni, akae, apoteze michezo kadhaa ya bao. Mazungumzo ya wanaume huanza wakiwa wanaangalia kitu kingine.

Wachungaji, mapadre na wake wa wachungaji wanastahili makala yao. Kila mtu anawapelekea mizigo, wao hawana pa kuitua. Wakihamishwa kila baada ya miaka michache, hata yule mmoja waliyeanza kumwamini anabaki nyuma. Mama mchungaji anayejua siri za usharika mzima hana hata mtu mmoja wa kumwambia yake, kwa sababu ya umbea ule ule.

Wale walio mbali zaidi hatuwaoni kabisa. Maelfu ya wasichana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanafanya kazi za ndani Ghuba. Muscat na Abu Dhabi kuna makanisa, na anayepewa siku ya mapumziko anaweza kufika. Saudi Arabia hakuna kanisa hata moja lililojengwa, na wengi hawatoki nje ya geti. Kwao ushirika ni ujumbe wa sauti unaosikilizwa bafuni usiku. Wapo wanaoidharau simu kama chanzo cha upweke, na kwa kijana anayetembeza kidole mpaka saa tisa za usiku akiangalia maisha ya wengine wana hoja. Kwa huyu wa Riyadh simu ndiyo joho la Paulo. Inafanya kazi pale inapoendeleza uhusiano uliokwisha kuwepo: rafiki wa kwaya anayetuma sala ya dakika mbili kila Jumatano bila kukosa ana faida kuliko kundi la watu mia mbili linalomwagiwa picha za maua na mistari ya Biblia.

Swali la vitendo, basi, ni mtu aanzie wapi. Ushauri wa kumwambia mpweke "toka, changamana na watu" unamwongezea mzigo, maana alishachangamana. Robin Dunbar wa Oxford, mtafiti wa ukubwa wa miduara ya binadamu, anakadiria kwamba hata mwenye watu 150 anaofahamiana nao, walio ndani kabisa ni kama watano tu. Hao hawapatikani kwa tangazo. Wanapatikana kwa ombi dogo la kweli kwa mtu mmoja anayeelekea kufaa: nina kipimo Jumanne, naogopa kwenda peke yangu, utanisindikiza? Akikataa, umejua kitu. Akikubali, mtakaa foleni saa tatu, na katika saa tatu za benchi la hospitali watu huambiana mambo ambayo hayajawahi kusemwa kwenye hatua ya tano. Zamu yake ya kukuomba itafika, na uiruhusu ifike; urafiki ambao mmoja ni mtoaji wa kudumu una jina lingine, ufadhili.

Anayetembelewa na huzuni hahitaji mhubiri. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba walizokaa chini bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kueleza. Sisi tuna haraka ya kufungua Biblia kwa mgonjwa kwa sababu ukimya wake unatutisha sisi.

Dietrich Bonhoeffer, aliyeongoza seminari ya siri ya Finkenwalde mpaka Gestapo walipoifunga mwaka 1937, aliandika kitabu kuhusu maisha ya pamoja kilichotoka 1939. Humo anaonya pande zote mbili: asiyeweza kukaa peke yake ajihadhari na jumuiya, na asiye katika jumuiya ajihadhari na kukaa peke yake. Anaonya pia kwamba anayeipenda ndoto yake ya ushirika kuliko ushirika wenyewe ataubomoa. Onyo hili la pili lina kazi kubwa kwetu. Wengi huhama kanisa hadi kanisa wakitafuta lile ambalo watu wake "wana upendo kweli", na kila wanapohama wanarudi kwenye saa sifuri. Kukaa na kanisa ulilo nalo ni tendo la kiroho. Ndugu anayekuudhi miaka mitano anaweza kuwa ndiye pekee anayejua jina la mama yako.

Yako mapungufu ambayo urafiki hauyazibi. Sonona ni ugonjwa, na mwenye sonona anahitaji kupelekwa hospitali na rafiki, wala asibakishwe na rafiki peke yake. Na kuna upweke unaokaa hata baada ya kufanya yote. Zaburi ya 88 inaisha gizani, rafiki na jirani wamewekwa mbali, bila ule mgeuko wa sifa mwishoni tuliouzoea katika zaburi nyingine. Waliokusanya Biblia waliiacha hivyo hivyo, na jumuiya inayoweza kuisoma zaburi hiyo bila kukimbilia pambio imefika mbali.

Kuhusu ile saa moja ya Jumamosi, marekebisho ya kwanza hayagharimu kitu: matangazo yaende kwenye kundi la WhatsApp, ukimya na kushirikishana virudishiwe muda wao. Mwenyekiti yeyote mzoefu atauliza michango itakusanywaje. Kwa kweli siku hizi inatumwa kwa simu. Mweka hazina anapata jina na kiasi, daftari linajaa bila mtu kugonga mlango, na hesabu ni safi kuliko zamani. Ningependekeza orodha moja tu itolewe kwenye simu irudi kwenye miguu: ya wale ambao hawajatuma chochote kwa miezi mitatu. Apangwe mtu wa kuwapitia kila wiki, kama yule wa Bristol, tena aanze na walio maskini kuliko wote, na akikaribishwa chai anywe. Mweka hazina atalalamika kwamba nauli ya kuzizungukia nyumba hizo inazidi kitakachopatikana, na kwa upande wa fedha atakuwa sahihi.